Kumwelezea dume wa nondo aliyejulikana kwa jike pekee: mwongozo kamili

Zipo spishi nyingi za nondo ambazo zina jina, zina picha na zina kielelezo kilichochomwa pini makumbushoni, lakini nusu yake haijawahi kuonekana. Aliyeipa spishi jina alikuwa na majike wawili watatu tu. Akaandika "dume: hajulikani", na maneno hayo yakabaki hapo kwa miongo mingi. Siku unapompata dume huyo, hakuna haja ya kubuni jina jipya, maana jina lipo tayari. Unachotakiwa kufanya ni kuziba pengo lililoachwa, na kuliziba kwa namna ambayo hatahitajika mtu mwingine kuja kulizibua.

Niseme mapema jambo ninaloliamini kuliko yote yatakayofuata. Kumwelezea dume ni kazi ya siku chache. Kuthibitisha kwamba ndiye dume wa jike yule, ndiyo kazi yenyewe. Maelezo mazuri ya dume asiye wake yanapotosha kundi zima, kwa sababu wengine watayatumia kutambua vielelezo vyao, na kosa litasambaa kabla halijagunduliwa.

Kwa nini dume hakuonekana

Kabla ya kwenda kumtafuta, jiulize alikuwa wapi muda wote huo. Jibu la swali hili ndilo litakalokuelekeza pa kumtafuta.

Huenda anaruka saa nyingine. Katika Lasiocampa quercus, madume huruka mchana jua likiwaka, na majike huanza kuruka giza linapoingia. Madume wa Callosamia promethea nao huwafuata majike alasiri. Anayetega taa usiku tu hawezi kuwapata madume wa namna hiyo hata akikesha mwaka mzima.

Huenda pia ameshaonekana, lakini hafanani kabisa na jike wake. Lymantria dispar, aliyepewa jina na Linnaeus, mwasisi wa mfumo wa majina ya kisayansi, mwaka 1758, ana dume mdogo wa kahawia na jike mkubwa mweupe. Neno dispar lenyewe maana yake ni "asiyelingana". Wawili hao wakiwa kwenye masanduku tofauti bila maelezo, si rahisi kuwadhania kuwa ni mume na mke. Linnaeus mwenyewe aliteleza kwa bata: katika kitabu kile kile cha 1758 alimpa jike wa bata wa mwituni jina Anas platyrhynchos na dume wake jina Anas boschas. Ikiwa hilo lilitokea kwa ndege anayejulikana na kila mwindaji, kwa nondo wa milimita kumi ni jambo la kutarajiwa.

Na huenda hayupo. Katika familia ya Psychidae, ambao viwavi wake huishi ndani ya mifuko ya hariri na vijiti, kuna spishi zenye majike wanaozaa bila kupandwa. Dahlica triquetrella ni mmoja wao: kwenye maeneo mengi hupatikana majike watupu. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba dume "amekosekana", angalia kama kundi lako lina tabia hiyo.

Anza na jike, tena kwa makini kuliko dume

Tafuta maelezo ya awali ya spishi na uyasome kwa lugha yaliyoandikwa, si kwa muhtasari wa mtu mwingine. Kisha tafuta holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina. Ukiweza, nenda ukakione. Usipoweza, mwombe mtunzaji wa makusanyo akupigie picha za juu na za chini, pamoja na picha ya kila lebo iliyo kwenye pini. Kama viungo vya uzazi vya jike huyo viliwahi kuwekwa kwenye slaidi, omba picha yake pia.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: orodhesha spishi zote za jenasi hiyo katika eneo lile, na uweke alama kwenye zile zinazojulikana kwa dume pekee. Hapo ndipo mtego ulipo. Inawezekana kabisa dume wako ana jina lake tangu zamani na ameorodheshwa kama spishi nyingine, huku naye akiandikiwa "jike: hajulikani". Ikithibitika hivyo, makala yako inabadilika. Haimwelezi tena dume mpya, bali inatangaza kwamba majina mawili ni ya spishi moja, na kwa kanuni ya utangulizi jina lililochapishwa kwanza ndilo linalobaki kwa kawaida, hata kama la pili limezoeleka zaidi. Nimeona watu wakilitambua hilo baada ya kupiga picha zote na kuandika kila kitu. Saa mbili za kupitia orodha zingewaokoa.

Hakikisha kuwa ni dume

Ukubwa na rangi visikudanganye. Vipapasio vinasaidia, kwani kwa nondo wengi vya dume ni vipana vyenye vitawi kama kitana au unyoya, na vya jike ni vyembamba kama uzi. Lakini katika makundi mengi jinsia zote mbili zina vipapasio vya uzi.

Alama ninayoitegemea zaidi ni frenulamu. Mgeuze nondo chali chini ya hadubini, elekeza mwanga kutoka ubavuni, kisha tazama pale bawa la nyuma linapoanzia, kwenye ukingo wa mbele. Utaona unywele mgumu unaong'aa ukielekea chini ya bawa la mbele. Kwa dume ni mmoja, mnene, umenyooka kama mwiba, na ncha yake imeshikwa na kikulabu kidogo kilichotoka karibu na ukingo wa mbele wa bawa la mbele. Kwa jike kwa kawaida ni nywele mbili au zaidi, nyembamba, zilizoshikwa na kishungi cha magamba kilicho nyuma zaidi. Ukishaviona vyote viwili mara moja, hutavisahau. Kuna makundi machache ambamo jike naye ana unywele mmoja, na mengine, kama Saturniidae, hayana frenulamu kabisa. Huko itabidi ufungue tumbo.

Ushahidi wa kuwaunganisha

Nauweka kwa uzito wake, mzito kwanza.

Ushahidi usio na mpinzani ni kuwalea. Mkamate jike aliye hai, mweke kwenye chombo chenye hewa pamoja na karatasi na matawi ya mmea unaodhaniwa kuwa chakula cha viwavi wake, na usubiri atage. Viwavi wakikua, wakawa pupa na kutoka wakiwa wakubwa, utakuwa na kaka na dada wa tumbo moja. Hifadhi jike mama, maganda ya pupa, na kiwavi mmoja au wawili ndani ya ethanoli. Andika tarehe za kila hatua siku ile ile, maana kumbukumbu ya wiki iliyopita huwa na matundu. Ugumu wake ni kwamba usipoujua mmea, viwavi watakufa njaa. Jaribu mimea ya jenasi inayoliwa na ndugu zake wa karibu.

Kinachofuata ni kuwakuta wakipandana. Huu ni ushahidi mzuri, ila haujakamilika, kwa sababu nondo wa spishi tofauti nao hupandana mara moja moja. Wapige picha wakiwa hivyo, kisha uwahifadhi wote wawili na lebo zinazotajana.

Wa tatu ni wito wa jike. Jike ambaye hajapandwa hutokeza ncha ya tumbo na kuachia feromoni, na madume huifuata harufu hiyo dhidi ya upepo. Mweke kwenye kizimba cha wavu, umtundike nje, na uangalie kwa saa zote ishirini na nne, maana hujui saa yake. Ukitumia chambo cha maabara badala ya jike hai, punguza imani yako. Tangu mwaka 1959, Adolf Butenandt na wenzake walipotambua bombikoli, feromoni ya jike wa nondo wa hariri Bombyx mori, imejulikana kuwa harufu hizi ni kemikali zinazoweza kutengenezwa, na spishi za karibu mara nyingi hutumia viungo vinavyofanana. Dume anaweza kuja kwa chambo kisicho chake.

Wa nne ni DNA, na hapa nataka tutulie kidogo. Tangu kazi ya Paul Hebert na wenzake ya mwaka 2003, kipande cha jeni ya COI chenye jozi za besi 658 kimekuwa kipimo cha kawaida cha kulinganisha vielelezo vya wanyama, na mguu mmoja mkavu mara nyingi unatosha kukipata. Dume na jike wakifanana kwenye kipande hicho, na spishi za jirani zikiwa mbali nao, una hoja nzito. Ila COI iko kwenye mitokondria, sehemu za seli zenye DNA yake zenyewe, na mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Spishi mbili zilizowahi kuchanganyika zinaweza kubeba COI moja, na bakteria Wolbachia, ambao wameenea sana kwa wadudu, wanaweza kuisambaza mitokondria ya aina moja pasipotarajiwa. Kwa hiyo usiishie kuandika "tofauti ni chini ya asilimia mbili" kana kwamba hiyo ni sheria. Onyesha umbali wa kijenetiki kati ya dume na jike, na pia umbali huo wa kila mmoja wao na spishi zote za karibu ulizoweza kupata. Kama jenasi yako ina spishi zinazokaribiana sana, ongeza jeni moja ya kiini cha seli, kwa mfano EF-1 alfa.

Wa mwisho ni kufanana kwa michoro ya mabawa, na kukamatwa mahali pamoja kwa kipindi kimoja. Hii ndiyo hoja iliyotumiwa na wengi wa zamani, na ndiyo iliyozaa makosa mengi. Itumie kuunga mkono nyingine. Ikiwa ndiyo pekee uliyonayo, andika wazi kwamba uunganisho ni wa muda, au bora zaidi, subiri.

Kabla hujagusa tumbo

Ng'oa mguu wa DNA kwanza. Potasiamu haidroksidi, kemikali utakayoitumia hapo mbele kuyeyusha misuli na mafuta, inaiharibu DNA ndani ya tumbo, na jambo hilo halirudi nyuma. Maabara zinazoweza kutoa DNA kutoka kwenye tumbo zima kwa kimeng'enya cha proteinezi K hukurudishia ganda lake likiwa salama kwa upasuaji, na njia hiyo ni nzuri kwa nondo wadogo mno.

Piga picha za juu na za chini. Kagua pia vishungi vya harufu: dume wa nondo wengi ana nywele ndefu kwenye goti la mguu wa nyuma, ubavuni mwa tumbo, au kwenye mkunjo wa bawa. Ukishaosha tumbo, zile zilizokuwa juu yake zitakuwa zimeondoka, nawe hutakuwa na cha kuonyesha.

Viungo vya uzazi

Vaa glavu na miwani. Potasiamu haidroksidi huunguza ngozi na macho.

Kwa koleo ndogo, likandamize tumbo kuelekea juu kwa upole hadi likatike kwenye kiungo chake na kifua. Litie ndani ya kijaribio chenye myeyuko wa kemikali hiyo wa asilimia 10, ukiwa umeshaandika namba juu ya kijaribio. Unaweza kukiweka kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika tano hadi kumi na tano kulingana na ukubwa, au ukaliacha tumbo usiku kucha kwenye joto la kawaida. Mimi napenda njia ya pili kwa vielelezo vya pekee. Ni ya taratibu, na husababisha hasara chache.

Lihamishie kwenye maji, ndani ya kisahani cha kioo chenye kina. Kwa brashi laini, anza kusukuma kutoka mbele kwenda nyuma. Utaona wingu la kahawia likitoka, ni misuli na mafuta yaliyoyeyuka, kisha magamba yataanza kung'oka na kuelea kama vumbi. Badilisha maji mara mbili au tatu mpaka ganda libaki angavu. Sasa viungo vinaonekana kupitia ukuta wa tumbo: juu kuna kulabu ya unkasi, pembeni valva mbili kama viganja vilivyofungwa, na katikati yake falasi, mrija mgumu.

Vitenganishe na pingili ya nane kwa kukata utando unaovishika. Usiitupe pingili hiyo. Katika makundi mengi umbo lake lina taarifa kama valva zenyewe. Kisha itoe falasi kwa kuivuta kuelekea mbele, baada ya kuulegeza utando unaoizunguka kwa pini nyembamba. Fanya haya yote chini ya kimiminika. Niliwahi kuinua falasi ya kielelezo changu cha pekee nje ya kisahani kwa koleo, ikaruka kama punje, na sikuipata tena. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachotoka kwenye kisahani kimoja kwenda kingine ila ndani ya tone la maji.

Vesika, kifuko laini kilichojikunja ndani ya falasi, ndiyo inayotofautisha spishi nyingi zenye valva zinazofanana. Ichomoze nje kwa kuingiza maji kwa sindano nyembamba sana kupitia nyuma ya falasi. Inajitokeza taratibu kama kidole cha glavu kinachopulizwa, na kornuti, miiba iliyokuwa imelala ndani, inasimama. Zihesabu, pima urefu wake, na uchore mahali zilipo. Usipofanikiwa, andika kwamba vesika haikuchomozwa ili asomaye asilinganishe vitu viwili tofauti.

Zipake rangi kidogo zile tando zisizoonekana; klorazoli nyeusi hutosha. Zifungue valva pande zote mbili ndani ya ethanoli, zibane kwa vipande vidogo vya kioo, kisha uongeze ethanoli safi ili zikakamae katika mkao huo. Mwisho zihamishie kwenye tone la Euparal, gundi angavu ya kuhifadhia, juu ya slaidi, falasi ikiwa pembeni, na ufunike. Piga picha kabla ya kufunika pia, maana kifuniko hubana na kubadilisha umbo la vitu vyenye unene.

Umbo la dume halilingani moja kwa moja na la jike, kwa hiyo usitarajie slaidi mbili "zifanane". Linganisha dume wako na madume wa spishi jirani. Akitofautiana nao wote, hoja ya DNA au ya malezi inazidi kupata nguvu.

Kuandika maelezo

Fuata mpangilio wa maelezo ya awali ya jike kadiri inavyowezekana, ili msomaji aweze kuviweka viwili hivyo sambamba. Anza na kichwa, vipapasio na midomo. Kisha kifua, miguu, mabawa juu na chini, tumbo, na viungo vya uzazi. Sentensi ziwe fupi. Mfano wa kubuni, kuonyesha namna tu:

"Dume. Urefu wa bawa la mbele mm 13.5 (n = 1). Vipapasio vina vitawi pande mbili hadi robo tatu ya urefu. Kitawi kirefu zaidi ni mara tatu ya upana wa shina. Bawa la mbele la kijivu cha majivu; mstari wa nje mweusi, wenye meno, umekatika kwenye mshipa wa M2. Bawa la nyuma jeupe, kingo za kahawia."

Hiyo n = 1 isikosekane. Kielelezo kimoja hakiwezi kusema lolote kuhusu tofauti ndani ya spishi, na neno "daima" halina nafasi hapo. Usiandike pia "kama jike" bila kueleza katika jambo lipi.

Kisha aya ya utambuzi: dume huyu anajulikanaje kati ya ndugu zake? Hii ndiyo aya itakayosomwa kuliko zote, kwa hiyo iandike mwisho, ukiwa umeshazitazama spishi zote. Baada yake iwekwe aya inayosema kwa uwazi dume aliunganishwaje na jike. Makala nyingi huipitia hoja hiyo kwa nusu sentensi. Wewe ipe nafasi yake.

Lebo za vielelezo zinukuliwe neno kwa neno, pamoja na viwianishi, mwinuko, tarehe na njia ya kukamata. Taja saa pia. Kama dume alikuwa hajulikani kwa sababu anaruka alfajiri, saa ndiyo ugunduzi wako mkubwa.

Kanuni za majina, kwa ufupi

Kwa kuwa hutoi jina, hakuna tendo la kisheria unalofanya chini ya Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne linatumika tangu Januari 1, 2000. Holotaipu inabaki yule jike. Dume wako si parataipu, kwa sababu hakuwa miongoni mwa vielelezo vya mwandishi wa kwanza, na usimwandikie lebo nyekundu kana kwamba ni taipu. Neno alotaipu hutumika kwa kielelezo cha jinsia nyingine, lakini kikanuni halibebi jina wala mamlaka yoyote. Mimi silitumii kwa vielelezo vilivyopatikana baadaye, kwani huwachanganya watunzaji.

Kibali cha kukusanya, na cha kusafirisha nje ya nchi kikihitajika, kiwe mkononi kabla ya safari. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inahusu pia sampuli za jeni, ule mguu mmoja ukiwemo. Majarida mengi yatakuuliza namba ya kibali.

Kukabidhi

Mpeleke dume kwenye makusanyo ya umma, si kwenye kabati la nyumbani, na mfuatano wa DNA uwekwe kwenye hifadhidata iliyo wazi kama BOLD au GenBank. Pini ya dume iwe na lebo ya mahali, lebo ya namba ya slaidi na lebo ya namba ya DNA. Slaidi nayo ibebe namba ya pini. Tumia wino usiofutika kwa ethanoli. Kisha mwandikie mtunzaji wa ile holotaipu, umtumie makala na namba zote, ili aweke kikaratasi chini ya jike kinachosema dume wake yuko makumbusho gani na droo gani.